LUGHA YA TOVUTI ZETU NA WASOMAJI WALIOFUNGIWA NJE

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kupima tenzi, riwaya, tafsiri na kamusi. Ukurasa wa tovuti hawajautia katika hesabu yao, kana kwamba maandishi yakishapita katika umeme huacha kuwa maandishi. Lakini mtu atakaye kujua matokeo ya mtihani wa mwanawe, kuomba leseni, kulipa kodi au kusoma habari za bunge hupelekwa siku hizi kwenye ukurasa wa namna hiyo, na mara nyingi hana mlango mwingine. Maandishi yenye nguvu kiasi hicho juu ya maisha ya watu yanastahili kuhakikiwa kama yastahilivyo mengine, na pengine zaidi. Kwa kuwa mtu asiyependa riwaya huiweka chini akaendelea na shughuli zake, ilhali asiyeweza kuusoma ukurasa wa matokeo hana la kufanya ila kumwomba jirani amsomee mambo yake ya siri.

Makala haya hayahusu uzuri wa rangi wala wepesi wa mitambo. Swali lake ni moja: ukurasa ulioandikwa kwa Kiswahili unamfikia nani, unamfungia nani nje, na katika huko kufungiwa nje kosa la lugha ni kiasi gani. Dai langu ni kwamba kosa hilo ni kubwa kuliko wajenzi wa tovuti wanavyodhani, na kubwa kuliko hata kanuni za kimataifa za kazi hiyo zinavyokiri.

Yafaa kwanza kueleza jinsi mtu asiyeona asomavyo. Yeye hatazami skrini. Hutumia programu inayoyachukua maandishi ya ukurasa na kuyatamka kwa sauti, au kuyapeleka kwenye kibao chenye nukta za Braille zinazoinuka na kushuka chini ya vidole. Mwaka 2006 Michael Curran wa Australia, asiyeona, alianza kutengeneza programu ya kusomea iitwayo NVDA, akaungana naye James Teh, naye pia asiyeona. Nayo hutolewa bure hata leo. Simu za Android zina kisomaji chao, na simu za Apple zimekuwa nacho tangu 2009. NVDA huja pamoja na mtambo wa sauti uitwao eSpeak NG, ambao unajua Kiswahili. Sauti yake ni kavu na ya chumachuma, lakini inatamka. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba vyombo havipo. Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba msomaji huyu hausikilizi ukurasa toka juu hata chini kama mtu asikilizaye hotuba. Huruka kutoka kichwa cha habari hadi kingine, au huamuru asomewe orodha ya viungo peke yake, kama vile mwenye macho apitishavyo jicho upesi juu ya gazeti kabla hajachagua la kusoma.

Sasa, katika kichwa cha kila ukurasa, mahali pasipoonwa na msomaji, pana nafasi ya kuandika lugha ya ukurasa kwa herufi chache: sw kwa Kiswahili, en kwa Kiingereza, ar kwa Kiarabu. Herufi hizo ndizo zinazoiambia programu itumie mdomo upi. Mjenzi wa tovuti aghalabu haanzi tangu msingi. Huchukua kiolezo kilichokwisha tengenezwa ugenini, akafuta maneno ya Kiingereza na kutia ya Kiswahili, na ile en iliyojificha akaiacha ilipo. Mwenye macho haoni kasoro yoyote. Asiyeona husomewa Kiswahili kwa mdomo wa Kiingereza.

Msomaji ambaye hajapata kusikia matokeo yake na ajaribu sentensi hii nyepesi: ‘Wale wazee wake walikaa pale.’ Mashine itatamka weil kwa wale, weik kwa wake, na peil kwa pale. Pole inakuwa poul, mate yanakuwa meit, na mji wa Same huko Kilimanjaro unakuwa seim. Haya si maneno ya nadra. Viashiria na vimilikishi ndiyo misumari ya sentensi ya Kiswahili, nayo ndiyo yanayopotea kwanza, kwa kuwa kwa bahati mbaya yamefanana kwa herufi na maneno ya Kiingereza. Maneno marefu nayo hupondwapondwa vibaya zaidi, shada ikaanguka popote, wala mtu hawezi kubahatisha lililokusudiwa. Na kinachosikitisha ni kwamba hapana lugha iliyo rahisi kwa mashine kuliko hii. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilisanifisha tahajia ambayo karibu kila herufi ina sauti yake moja, irabu ni tano zisizobadilika, na shada, isipokuwa katika maneno machache ya mkopo, hukaa kwenye silabi ya pili toka mwisho. Waliotangulia walitengeneza njia iliyonyooka kabla gari halijazaliwa. Sisi tumepata gari, na tunalipitisha porini kwa kukosa herufi mbili.

Mwongozo wa kimataifa wa kazi hii, ujulikanao kwa herufi WCAG, umeliweka takwa hilo la kutaja lugha ya ukurasa katika daraja lake la chini kabisa, yaani lile ambalo asiyelitimiza hajatimiza lolote. Kadhalika unataka, katika daraja la pili, kila kipande cha lugha nyingine kilichomo ndani ya ukurasa kitajwe lugha yake. Kwetu takwa hili la pili ni zito, maana kurasa zetu huchanganya. Lakini la kwanza halina udhuru.

Nije kwenye maneno yenyewe. Fungua tovuti yoyote ya Kiswahili nawe hutakosa kukutana na maneno mawili haya: bofya hapa. Neno bofya silichukii. Ni neno la zamani, la kubonyeza kitu kwa kidole kama mtu apimavyo embe kujua kama limeiva, na waliolichukua wakalipa kazi mpya walichagua vizuri. Ni fupi, lina picha ndani yake, na halikuazimwa. Ila hapa ni jambo jingine. Kiswahili kina mpangilio wa viashiria wa ngazi tatu, hapa, hapo na pale, na kila kimoja kinadai kwamba msemaji na msikilizaji wanapaona mahali pamoja, au angalau wanajua kila mmoja amesimama wapi. Hapa ya ukurasa haina msemaji wala mahali. Mwenye macho husaidiwa na rangi ya kiungo na mstari uliopigwa chini yake. Asiyeona, akiamuru asomewe orodha ya viungo, husikia: bofya hapa, bofya hapa, soma zaidi, bofya hapa, soma zaidi. Ni kama mtu aliyeingia katika nyumba yenye milango kumi, akamwuliza mwenyeji, naye kwa kila mlango akamjibu ‘huu’.

Dawa yake ni ya kisarufi, nayo Kiswahili kinayo tele. Badala ya ‘Kupata fomu ya maombi bofya hapa’, kiungo chenyewe na kiitwe ‘Fomu ya maombi ya mkopo wa masomo’. Nomino ibebe kazi, si kiashiria. Mwongozo katika daraja lake la chini huvumilia bofya hapa ikiwa sentensi inayoizunguka inaeleza kiungo kinakwenda wapi. Haudai kiungo kijieleze peke yake mpaka daraja la juu. Hapo nadhani waandishi wake walikuwa wapole kupita kiasi.

Makosa ya namna nyingine hutoka katika sentensi zisizotungwa na mtu. Programu hutumia sentensi zenye pengo, na jina la kitu hutiwa katika pengo hilo baadaye. Kwa Kiingereza hila hii hufaa, kwa sababu kitenzi chake hakijali kama kilichofutwa ni mtu, kitabu au ujumbe. Mfasiri akiletewa sentensi hiyo peke yake, bila kuambiwa pengo litajazwa na nini, huandika imefutwa akatumaini mema. Na matokeo yake ni ‘Kitabu imefutwa’, ‘Majina imefutwa’, na hata ‘Mtumiaji imefutwa’. Watu wengi huyacheka wakaendelea. Lakini kwa asikilizaye kwa masikio tu, na wengi wao huiharakisha sauti ya mashine mno ili wasipoteze siku nzima, upatanisho wa ngeli si pambo. Ndio uzi unaomwambia kitenzi hiki ni cha nomino ipi miongoni mwa zile tatu alizosikia sasa hivi. Ukiukata uzi huo umemwachia maneno yaliyotawanyika. Hili haliwezi kutibiwa na mfasiri peke yake. Ni lazima mjenzi aandike sentensi kamili kwa kila ngeli inayohitajika, au aitunge upya kwa njia isiyohitaji upatanisho. Wajenzi hupenda kusema kwamba hiyo ni kazi ya watu wa lugha. Si kweli. Aliyetengeneza pengo ndiye mwenye kosa.

Saa nazo. Ukurasa wa zahanati ukiandika ‘Fika 8:00 asubuhi’, mwenye macho aliyepata shule hubadili upesi moyoni: hiyo ni saa mbili. Mashine hutamka nane. Bibi asiyeona, aliyelelewa na saa za Kiswahili, husikia saa nane ya asubuhi, kitu kisichokuwapo duniani. Na kama neno asubuhi limeachwa, atafika saa nane mchana, mganga ameondoka. Mtu aandikaye ‘saa 2:00 asubuhi’ amewasaidia wote. Katika fomu za majina sitakaa, ila niseme tu kwamba zile zidaizo jina la kwanza na jina la ukoo, zikakataa kwenda mbele mpaka vyumba vyote viwili vijae, zimetungwa kwa watu wenye desturi nyingine ya kuitana. Mtu wa kwetu aitwaye kwa jina lake, la babaye na la babuye hujaza kwa kubahatisha, kisha jina lake halilingani na kitambulisho.

Jambo ambalo ningependa lifikiriwe na wahakiki hasa ni maelezo ya picha. Kila picha katika ukurasa ina nafasi ya maneno yasiyoonekana, ambayo kisomaji huyatamka badala ya picha. Hii ni kazi ya utunzi, fupi na ngumu, na kwa Kiswahili haijapata hata mwalimu mmoja. Tuchukue kanga. Maduka mengi yameingia katika intaneti na kuonyesha kanga zao kwa picha. Picha isiyo na maelezo husomwa kwa jina lake la faili, mfululizo wa herufi na tarakimu. Mwenye duka aliye mwangalifu kidogo huandika ‘picha ya kanga’. Yule aliye mwangalifu zaidi huandika ‘kanga nyekundu na nyeusi yenye maua’. Wote watatu wamemnyima mnunuzi kile anachokinunua. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Na mwanamke atakaye kumpelekea wifi yake kanga, kwa mapenzi au kwa kijembe, huchagua jina kabla ya maua. Asiyeona hana haja ndogo ya jina kuliko mwenye macho. Pengine ni kubwa zaidi, maana rangi hatazisoma, bali maneno atayajua mpaka aivae. Maelezo yanayofaa yangeanza na jina la kanga neno kwa neno kama lilivyochapwa, kisha yakataja mji na pindo kwa ufupi, kisha kama ni doti kamili. Hakuna mashine itakayomfundisha mwenye duka haya. Mashine huweza kukagua kama maelezo yapo, lakini haiwezi kujua kwamba jina la kanga ndilo kanga.

Hapa yanibidi niseme juu ya Mwongozo wenyewe kama kazi ya maandishi. Toleo lake la kwanza lilitoka 1999, la pili 2008, likafuatwa na nyongeza za 2018 na 2023. Tangu toleo la pili umejengwa juu ya nguzo nne: ukurasa uweze kuhisiwa, uweze kuendeshwa, uweze kufahamika, na uwe imara mbele ya vyombo mbalimbali. Ni kazi ya kustahiwa. Uzuri wake ni kwamba unapimika. Kwa mfano, maandishi ya kawaida yanatakiwa yatofautiane na rangi iliyo nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1; weusi mtupu juu ya weupe mtupu ni 21 kwa 1. Ile rangi ya kijivu ipendwayo na wachoraji, wanayoiona ya kiungwana, mara nyingi haifiki. Kipimo hiki kina maana kubwa katika nchi zetu, ambako watu wenye ualbino, ambao wengi wao wana uoni hafifu, ni wasomaji kama wengine, na ambako simu husomwa juani, kituoni, skrini imepasuka. Aliyekiweka kwa ajili ya wachache amemfaa kila asimamaye chini ya jua la saa sita.

Lakini nguzo ya tatu, ya kufahamika, ni nyembamba kuliko wenzake. Takwa la kwamba maandishi yasizidi uwezo wa mtu aliyemaliza sehemu ya kwanza ya sekondari, au yakizidi yaambatane na maelezo mepesi, limewekwa katika daraja la juu kabisa, ambalo watu wachache hulifuata. Yaani rangi ni wajibu, na ufahamu ni hisani. Zaidi ya hayo, vipimo vilivyozoeleka vya ugumu wa maandishi vilitungwa kwa Kiingereza. Kile cha Rudolf Flesch cha mwaka 1948 huhesabu silabi katika neno na maneno katika sentensi. Kwa kipimo hicho neno hatukuwaambia, lenye silabi saba, ni zito kama istilahi ya mwanasayansi, nalo ni neno la mtoto wa miaka minne. Na sentensi fupi ya maneno sita iliyojaa uidhinishwaji, uwasilishwaji na utekelezwaji itahukumiwa pengine kwa urefu wa maneno, lakini si kwa kosa lake la kweli, ambalo ni kuficha mtenda. Ugumu wa Kiswahili cha ofisini hautoki katika viambishi. Unatoka katika kugeuza kila kitenzi kuwa nomino, hata haijulikani nani atampa nani nini na lini. Kipimo cha ugumu wa Kiswahili kilichotungwa kutokana na Kiswahili chenyewe ni kazi inayozingojea taasisi za lugha, wala sijui ni kazi gani ingewafaa raia upesi zaidi.

Na wanaoumizwa zaidi na Kiswahili hicho si wasioona. Ni viziwi. Kiziwi aliyekua na lugha ya alama husoma Kiswahili kama lugha ya pili, asiyopata kuisikia hata siku moja. Katiba ya Kenya ya 2010 inaitaja Lugha ya Alama ya Kenya, na kuifanya kuwa miongoni mwa lugha tatu rasmi za Bunge. Hata hivyo video ya tangazo ikitolewa bila maandishi chini yake wala mkalimani pembeni, kiziwi huona midomo ikichezacheza. Mjenzi adhaniaye kwamba kiziwi hana shida na tovuti ‘kwa kuwa anaona’ hajaelewa lugha ni nini.

Tazama tena namna tunavyowataja wasomaji hawa. Kiswahili kimewatia wengi wao katika ngeli ya ki-vi: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, na wanaisimu hubishana kama ngeli hiyo hudharau au ni ada ya sarufi tu, maana hata kijana, kiongozi na kinyozi wamo. Wenyewe wana majibu mawili. Jina la Chama cha Wasioona Tanzania halina neno kipofu. Jina la Chama cha Viziwi Tanzania lina neno kiziwi, na viziwi hawalionei haya. Nadhani adabu ni kumwita kila mtu kama anavyojiita, na kuuacha ubishi wa ngeli kwa madarasa. Lakini kuna tafsiri moja isiyostahili kuachwa. Jambo zima tunalolizungumza limepata kuitwa ufikivu. Ni neno jipya, gumu kidogo masikioni, lakini limeundwa sawasawa, toka fikia, nalo linaitaja sifa ya ukurasa: ukurasa huu una ufikivu, ule hauna. Katika simu zitumiazo Android kwa Kiswahili, mahali pale pale pamepata kuandikwa: zana za walio na matatizo ya kuona au kusikia. Mfasiri alitaka kueleweka, nami ninamheshimu kwa nia yake. Lakini angalia lililotokea. Tatizo limetolewa katika ukurasa likatiwa katika mtu. Mwenye mikono itetemekayo, asiyeweza kugusa kitufe kidogo, hakutajwa kabisa, wala mzee ambaye anataka herufi kubwa tu na hajioni kuwa ana tatizo. Huyo mzee hatafungua mlango huo, kwa kuwa jina lake halimo. Kati ya neno gumu lililo kweli na maneno mepesi yaliyopotoka, nachagua neno gumu. Wepesi utakuja kwa kutumika.

Watasema wajenzi kwamba haya yote ni ghali. Hoja hii ilikwisha pelekwa mbele ya mwamuzi. Mwezi Juni 1999 Bruce Maguire wa Australia, mtu aliyezaliwa haoni na asomaye kwa Braille, aliishtaki kamati ya matayarisho ya Michezo ya Olimpiki ya Sydney kwamba tovuti yake haisomeki: picha hazina maelezo, na majedwali ya matokeo hayashikiki. Kamati ilijitetea kwamba marekebisho yangehitaji mtu mmoja afanye kazi siku 368. Wajuzi waliotoa ushahidi kwa upande wa mlalamikaji walionyesha kwamba kazi ilikuwa ndogo kuliko hivyo kwa mbali. Tarehe 24 Agosti 2000 tume ya haki za binadamu ya nchi hiyo iliamua kwamba Maguire amebaguliwa, ikaitaka kamati itengeneze tovuti kabla ya tarehe 15 Septemba, siku ya ufunguzi wa michezo. Na kwa kuwa haikutimiza kwa ukamilifu, mwezi Novemba iliamriwa kulipa dola 20,000 za Australia. Ninachojifunza katika shauri hilo ni kwamba gharama kubwa ilitokana na kuchelewa. Maelezo ya picha yakiandikwa siku picha inapowekwa ni kazi ya nusu dakika.

Tangu siku hizo haja haijapungua. Shirika la WebAIM la Marekani hukagua kila mwaka, tangu 2019, kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja. Mwaka 2019 asilimia 97.8 zilikuwa na makosa yanayoweza kuonwa na mashine; mwaka 2025 zilikuwa asilimia 94.8, na kosa lililoenea kuliko yote ni lile la rangi hafifu. Wako na wauzao dawa ya haraka, kipande cha programu cha kubandikwa juu ya tovuti mbovu ili iwe njema kwa usiku mmoja. Mwezi Januari 2025 tume ya biashara ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni moja ya namna hiyo, accessiBe, italipa dola 1,000,000 kwa kudai kwamba bidhaa yake huifanya tovuti yoyote itimize Mwongozo. Na hata kama dawa hiyo ingefaa kwa Kiingereza, isingejua lolote juu ya jina la kanga.

Sheria, kwa upande wetu, zimekwisha sema. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa Desemba 2006, na kifungu chake cha 9 kinataja mifumo ya habari na mawasiliano, intaneti ikiwamo. Kenya iliuridhia 2008, Tanzania 2009. Na Tanzania ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010. Kinachokosekana ni mtu wa lugha kukaa meza moja na mjenzi kabla ukuta haujasimama, si kuitwa mwisho aje kupaka rangi ya Kiswahili.

Na sisi watu wa taasisi hatuwezi kujitenga. Maandishi mengi ya uchunguzi wa Kiswahili ya miaka ya nyuma yamepigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kuwekwa katika intaneti. Mwenye macho hufurahi. Kisomaji cha asiyeona, kikilifungua faili la namna hiyo, hukuta picha tupu, kikanyamaza. Mahali pengine picha zimepitishwa katika programu ya kuzigeuza kuwa herufi, lakini programu imeambiwa kwamba lugha ni Kiingereza, kwa hiyo ng’ombe amepoteza kibainishi chake, maneno marefu yamekatwa vipande, na majedwali ya ngeli yamesagika yakawa mstari mmoja usio na mwanzo. Mwanafunzi asiyeona aliyefika shahada ya pili ya Kiswahili hutegemea rafiki amsomee makala ambayo wenzake huyasoma usiku peke yao. Kazi ya kuanzia si kubwa: majarida yanayotajwa mara nyingi katika silabasi yageuzwe kwanza, yasahihishwe na mtu ajuaye Kiswahili, vichwa vya habari vitiwe alama ya kuwa ni vichwa, majedwali yaandikwe upya kama majedwali, na pale juu, pasipoonwa na mtu, ziandikwe zile herufi mbili.